Kisanduku cha Nne

Fomu zililetwa siku ya Jumanne, saa ambayo mtu mwenye akili zake hampelekei mwalimu fomu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Februari limelalia mabati ya maabara, na Uthmani alikuwa ametoka kufundisha saa sita mfululizo akiwa amesimama. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na sita. Magoti yalimuuma, koo lilikuwa limekauka kwa vumbi la chaki, na hakutaka kitu kingine duniani ila maji ya kunywa na mkeka. Caritas, karani wa kitivo, aliiweka karatasi mezani kati ya chupa mbili za asidi.

"Mwalimu, ujaze yote. Doyen anasema wazungu ya msaada wanakuja, hawataki dossier yenye mashimo."

Akajaza. Jina: Uthmani Massoudi. Mahali pa kuzaliwa: Buyenzi, Bujumbura. Somo: kemia. Miaka ya kazi: ishirini na sita. Mwishoni palikuwa na neno kabila, na chini yake visanduku vitatu vya kutiwa alama. Mhutu. Mtutsi. Mtwa. Uthmani alivitazama kama mtu anavyotazama viatu mlangoni mwa msikiti asione vyake. Hakutia alama popote. Akapiga sahihi, akamrudishia Caritas karatasi yake.

Tusimsifu bure, hakufanya vile kwa ushujaa. Yalikuwa mazoea. Babu yake alitoka upande wa Manyema, huko Kongo, akiwa mpagazi, akajenga Buyenzi, na tangu hapo ukoo mzima ukaitwa Waswahili: watu wa mji, watu wasio na kilima. Burundi wenyeji hujuana kwa vilima vyao, na asiye na kilima hahesabiwi. Kwa miaka mingi kutohesabiwa ndiko kulikokuwa salama yake. Mwaka 1972, akiwa mwanafunzi, askari walipokuja kuwachukua Wahutu bwenini, aliyeshika orodha alimmulika usoni akasema, huyo Muswahili tu, mwacheni alale. Mwaka 1995 vijana wa Kitutsi walipofunga barabara na kumuuliza kila mpita njia yeye ni nani, Uthmani alivaa kofia yake ya kitambaa, akasema ni wa Buyenzi, akapita. Wenzake walizika watu wao, yeye akaenda kutoa pole. Chuoni hakupandishwa cheo hata mara moja, lakini pia hakuna aliyemfuata nyumbani. Alijua kwamba hiyo ilikuwa bahati, na zamani alikuwa akiionea haya. Siku hizi alikuwa amechoka hata kuona haya.

Chuo chenyewe kiliitwa Chuo cha Juu cha Ziwa, ingawa kiko Mutanga Nord na ziwa unaliona kwa mbali tu, siku isiyo na ukungu. Vita vilikuwa vimekichakaza. Idara ya kemia ilikuwa na walimu tisa mwaka 1993. Wazungu waliondoka kwanza, kwa ndege, na kiinua mgongo mfukoni. Kisha wakaondoka Wahutu, wengine kwa miguu, wengine ndani ya jeneza. Sasa walikuwa wamebaki wanne, Watutsi watatu na Uthmani. Vipindi vya waliokwenda vyote vilimwangukia yeye, maana wale watatu walikuwa na vyeo, na vyeo vina mikutano.

Ndiyo maana aliporudi Télesphore, mwezi wa kwanza, Uthmani alimkumbatia mbele ya wanafunzi na kulia bila kujificha. Walikuwa wamefundisha pamoja katika maabara ile miaka kumi na mitatu. Télesphore alikuwa Mhutu wa Kayanza, mrefu, mwenye maneno ya kuchekesha hata mbele ya ubao. Wiki ile ya mwaka 1995 mauaji yalipoingia mabwenini, Uthmani alimtia katika gari lake, akamvika kofia, akampeleka bandarini. Kizuizini vijana walichungulia ndani na kuuliza huyu ni nani. Uthmani akajibu kwamba ni binamu yake Amissi wa Buyenzi, anaumwa malaria. Wakapita. Télesphore akapanda boti ya mizigo, akalala juu ya magunia mpaka Kigoma, na kwa zaidi ya miaka sita akafundisha sayansi chini ya turubai la kambi ya wakimbizi.

Sasa nchi ilikuwa na Makubaliano ya Arusha na serikali ya mseto, ijapokuwa milio ya mizinga bado ilisikika kutoka milimani jioni. Wafadhili waliokuwa wakikisaidia chuo walitoa sharti moja: kila idara iwe na angalau Mhutu mmoja mwenye ajira ya kudumu, ama sivyo wasahau vifaa na mishahara. Idara ya kemia haikuwa na Mhutu hata wa dawa. Nafasi ilikuwa ya Télesphore, hilo kila mtu alilisema, na mwenyewe aliisubiri akiwa amebanana na mke na watoto wanne katika chumba kimoja kwa dada yake, Kamenge.

Ijumaa ya wiki iliyofuata orodha ilibandikwa ubaoni. Uthmani alimkuta Télesphore amesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Hongera," Télesphore alisema bila kugeuka. "Sikujua kama tuko kabila moja."

Uthmani akasogeza miwani. Kemia: walimu wanne. Watutsi watatu, Mhutu mmoja. Masharti yametimizwa. Na mbele ya jina lake mwenyewe, kwa wino wa mashine, palikuwa pameandikwa Mhutu.

"Mi sikuandika ile kitu," alisema. "Wallahi, Télesphore. Niliacha wazi."

"Uliacha wazi."

"Sasa ningeandika nini? Ya kwangu haikuwako."

"Na uliwaza kama mahali pa wazi patabaki wazi? Katika hii inchi? Uthmani, we uko mutu wa masomo."

Wanafunzi wawili walikuwa wanapita, wakanyamaza mpaka walipofika mbali. Télesphore akageuka. Hakuwa amekasirika usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwaka ile ulinipitisha kwa barrière na jina ya Amissi. Nashukuru Mungu mpaka leo. Lakini njia yote mpaka port nilikuwa najiuliza, huyu iko na nini, mi sina? Tunakula pamoja, tunafundisha pamoja. Yeye akisema jina yake, anapita. Mi nikisema yangu, nakufa. Ulinikopesha yako dakika tano. Sasa yangu umeibeba, na kazi juu."

"Mi sikuibeba. Waliniwekea."

"Basi itoe," Télesphore alisema, akashuka ngazi.

Uthmani alibaki pale na hasira zake. Alimkasirikia Télesphore kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kweli nyingine mtu hukaa nayo miaka saba bila kuambiwa na mtu.

Alikwenda kwa Mkuu wa Kitivo, yule Doyen, mchana uleule. Mkuu aliitwa Sylvère, mtu wa miaka arobaini, suti ya kijivu, sauti laini. Uthmani ndiye aliyemfundisha mwaka wa kwanza, na Sylvère hakuacha kumwita mwalimu wake hata alipokuwa anamkatalia jambo.

"Mwalimu wangu, kaa. Nilikusaidia. Karani aliniletea fomu yenye shimo, nikaziba."

"Mi niko Muswahili. We unajua."

"Muswahili si kabila, Mwalimu, ni luga." Sylvère alicheka kidogo, kwa upole. "Bon, tuseme we si Muhutu. Basi uko nani? Mutu wa kwanza atauliza babu yako alitoka wapi. Alitoka Congo. Ataomba karatasi ya uraia ya babu. Uko nayo?"

Babu wa Uthmani hakuwa na karatasi ya kitu chochote.

"Donc, uko mugeni. Na mugeni hawezi kuwa permanent. Unabakiza miaka ngapi kwa pension? Mine? Unaona. Mi nilikuwa nawaza hata cheo ya chef de département. Muhutu moja wa umri, mutu wa heshima, wazungu watafurahi."

"Na Télesphore?"

"Télesphore atangoja. Amezoea." Sylvère akashusha sauti. "Nikuambie wazi. Huyu akiingia hapa ataanza kuuliza nani alifanya nini kwa 95. We hauulizaka, Mwalimu. Ni kwa ile sababu tunakupenda."

Uthmani akatoka. Alitembea kwa miguu kuteremka mpaka Buyenzi, akaliacha gari chuoni, kwa sababu hakutaka kufika upesi. Lile neno la mwisho lilimchoma kuliko vitisho vyote. Miaka ishirini na sita alidhani amekaa kimya kwa hekima, kumbe kimya chake kilikuwa kinatumika kama dari la nyumba ya watu wengine.

Mkewe Khadidja alikuwa anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, kisha akauliza:

"Baba Fatouma, ukibaki Muhutu kwa karatasi, leo watakuua?"

"Leo apana."

"Basi acha vile. Miaka mine si mingi. Hii magoti yako itakutafutia kazi wapi?"

Alisema hasa kile Uthmani alichotaka kusikia, na ndiyo maana usiku ule hakuweza kumpa neno la asante. Akala, akasali, akalala.

Wiki tatu akafanya kama alivyoambiwa. Alifundisha. Alisahihisha mitihani. Alipopita karibu na ubao wa matangazo alijifanya anatafuta funguo. Télesphore hakuonekana tena maabara, na Uthmani alijikuta anamshukuru kwa kutokuja, kisha anajichukia kwa shukrani hiyo. Walimu wale watatu walianza kumwita chef, yaani mkuu wa idara, kwa utani, wakimpiga bega. Yeye akacheka nao. Kucheka hakuhitaji nguvu nyingi kama kukataa.

Mwisho wa mwezi wa tatu ujumbe wa wafadhili ukafika: mama mmoja wa Kikanada mwenye nywele za mvi, na wanaume wawili wa kuandika. Waliketi katika ukumbi wa mikutano pamoja na Sylvère, na walimu wakaitwa mmoja mmoja kuthibitisha maelezo yao kwa Kifaransa. Nje, kwenye benchi la ukutani, walikaa wenye malalamiko. Télesphore alikuwa wa pili kutoka mwisho, katika koti la suti ambalo mabega yake hayakulijaza. Uthmani alimsalimia. Télesphore akaitikia, basi.

Uthmani aliingia akiwa ameamua kusema ndiyo. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye watu wa Buyenzi walilipamba sana. Ndiyo moja, sahihi moja, arudi kwa wanafunzi wake. Jibu lilikuwa tayari mdomoni.

Mama wa Kikanada akasoma karatasi, akavua miwani. Alikuwa na macho mema. Akasema anafahamu kidogo historia ya nchi hii. Akasema anaweza kuwaza jinsi ilivyokuwa kwa mwalimu Mhutu kubaki peke yake katika idara hii miaka yote ile, kuwapoteza ndugu, kulala bila kujua kama kutakucha. Akaweka mkono kifuani. Akasema, kwa niaba ya wote waliotuma ujumbe ule, anampa pole.

Cheo Uthmani angekipokea. Pensheni angeipokea, na utani wa wale watatu angeumeza kama alivyomeza mengine. Pole ile ilimshinda. Alikuwa amekwenda kwenye matanga mangapi, ameketi mbavuni mwa wajane wangapi, akisema neno hilohilo kwa watu waliokuwa na haki nalo? Damu ilimpanda usoni, na akaona aibu ambayo alidhani imekufa zamani.

"Mama," alisema, "pole hiyo si yangu. Mwenye nayo amekaa hapo nje kwenye benchi."

Sylvère alikohoa. Akaeleza kwamba mwalimu ana vipindi vingi, amechoka.

"Nimechoka, ni kweli," Uthmani akasema. "Mimi ni Muswahili wa Buyenzi. Hakuna aliyekuja kunichukua. Mwaka 1972 niliachwa nilale, mwaka 1995 nilipita kila kizuizi. Nilikula mshahara wangu miaka yote, na wenzangu walipofukuzwa nilichukua vipindi vyao bila kuuliza swali. Andikeni hivyo."

Mama yule alipekua karatasi zake. Alionekana kutatizika kweli. Akasema kwamba kwa bahati mbaya fomu ina visanduku vitatu tu, labda achague kilicho karibu naye zaidi. Uthmani akaomba kalamu. Akafuta alama iliyowekwa, akachora kisanduku cha nne pembeni, kimepinda, akaandika Mswahili, akatia alama. Kisha akatoka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akaketi kwenye benchi karibu na Télesphore.

"Nimeitoa," alisema.

Télesphore akamshika goti, akaacha mkono wake pale mpaka alipoitwa.

Taarifa ya ujumbe ilisema kwamba idara ya kemia ina Watutsi watatu, mgeni mmoja, na nafasi moja ambayo lazima apewe Mhutu kabla ya Juni kwisha. Jumapili ile Télesphore alikuja Buyenzi na familia yake yote na kasha la Fanta. Khadidja alipika wali na mbuzi. Alikuwa bado amemnunia mumewe, lakini alipowaona watoto wa Télesphore wanavyokula alirudi jikoni kuongeza, na akawaambia walale kama usiku utawakuta. Ilikuwa siku nzuri. Waliongea habari za Kigoma, za turubai, za namna ya kufundisha kemia bila hata chupa moja, na Uthmani akacheka mpaka machozi.

Juni ikafika. Nafasi akapewa Loïc.

Loïc alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mhutu kamili, hilo halikuwa na ubishi, alikuwa na kilima na baba na babu. Alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji na shahada mpya, na alikuwa amemwoa binti wa mkubwa mmoja wa serikali ya mseto. Aliishi Kibenga, karibu na ziwa, nyumba yenye ukuta na maua juu ya ukuta. Kwenye harusi yake Sylvère alikaa meza ya mbele. Hakuwa kijana mbaya. Alimsalimia kila mtu kwa mikono miwili. Wafadhili wakatuma barua ya pongezi, wakafurahi kwamba sharti limetimia.

Télesphore aliambiwa kwamba miaka yake ya kambini haihesabiwi kama uzoefu wa kazi. Uthmani akapata barua yake tarehe thelathini: mkataba wa mtaalamu wa kigeni umefikia mwisho, chuo kinamshukuru kwa ushirikiano wake na nchi hii. Wazungu walipoondoka walipewa tiketi za ndege. Mgeni huyu wa kuzaliwa Buyenzi alipewa bahasha ya kaki, akatembea nayo dakika arobaini mpaka nyumbani kwake. Khadidja alisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya godoro pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hakumwambia nilikuambia. Uthmani angependa amwambie.

Mwezi wa kumi masomo yalipoanza, Caritas aliwaita Uthmani na Télesphore ofisini kwake. Alikuwa haoni raha, alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Monsieur Loïc amepewa cheo ya chef," alisema. "Iko na mikutano mingi, halafu mwezi ujao anaenda semina Nairobi. Vipindi vyake havina mutu. Doyen anauliza kama mutakubali kufundisha kwa saa. Vibarua tu. Lakini anasema anawaheshimu sana."

Akawapa fomu. Ilikuwa nusu ukurasa: jina, somo, idadi ya saa, sahihi. Télesphore aliigeuza nyuma, akaona weupe, akaigeuza tena mbele na kuipitia kwa kidole kutoka juu mpaka chini.

"Caritas, dada yangu. Kabila tunaandika wapi?"

"Apana, Mwalimu," Caritas alijibu. "Ile ni ya permanents. Vibarua hawaulizwake. Hapo wanataka kujua masaa tu."

Télesphore akaanza kucheka. Alicheka taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka akashika meza na Caritas akamsogezea glasi ya maji. Uthmani hakucheka. Alisikia hasira aliyokuwa hajaisikia tangu ujana wake, hasira kamili, na hakuwa na mahali pa kuiweka wala miguu ya kuipeleka popote. Alimngoja mwenzake amalize. Kisha wakagawana vipindi vya Loïc, saa kumi na mbili kila mmoja kwa wiki, na Télesphore akachukua vile vya ghorofa ya pili kwa sababu ya ngazi na magoti ya Uthmani.